Munganga nyuma ya kifo: mfuko wa Ulaya uliolipa kwa kuchelewa



Kila mara Umoja wa Ulaya unapotangaza mfuko mupya wa teknolojia safi, sisi wasomi tunakimbilia hesabu: iko miliari ngapi? Leo ninaomba tuulize swali lingine: makuta yanalipwa siku gani? Mfuko unaweza kujaa na bado usisaidie mtu, kama malipo yanafika wakati mradi umekwisha kufa. Ile njo tunaita munganga nyuma ya kifo.

Tuchukue mfano wa kweli. Mwaka 2007 wakuu wa nchi za Ulaya waliweka lengo: kufikia 2015 wawe na mitambo hadi 12 ya majaribio ya kunasa gesi ya kaboni kwenye viwanda na kuifukia chini ya ardhi. Ili kulipia kazi ile, pamoja na njia mpya za upepo, jua, mawimbi ya bahari na kadhalika, waliunda mfuko ulioitwa NER300. Jina lilitoka kwenye vibali milioni 300. Kwenye soko la kaboni la Ulaya, lililoanza 2005, kibali kimoja kinampa mwenye kiwanda haki ya kutoa tani 1 ya gesi hewani. Vibali milioni 300 viliwekwa pembeni, vikauzwa, na makuta yakaingia mfukoni. Kwa karatasi, wazo lilikuwa zuri kabisa: mwenye kuchafua analipa, mwenye kubuni anapokea.

Kosa la kwanza lilikuwa bei. Mwaka 2008 kibali kilikaribia euro 30. Halafu uchumi wa Ulaya ukaanguka, viwanda vikapunguza kazi, vibali vikabaki vingi sokoni. Mwaka 2013 bei ilishuka hata chini ya euro 5. Sasa angalia ile ilifanyika: mfuko ukapata karibu euro miliari 2.1 tu, chini sana ya matumaini ya mwanzo. Tena, kiwanda chenye kulipa euro 5 kwa tani hakina sababu ya kununua mtambo wa bei kali ili kunasa tani ile ile. Bei moja ilipiga mara mbili: ilipunguza msaada, na ilipunguza hamu ya kusaidiwa.

Kosa la pili, kwangu mimi, njo kubwa zaidi. NER300 ilikuwa inalipa mpaka nusu ya gharama za ziada za mradi, lakini kwa kawaida ililipa nyuma, mtambo ukiwa umeanza kazi na kuonyesha matokeo. Aliyetaka kulipwa mapema alihitaji serikali ya nchi yake imwekee dhamana. Sasa fikiri kama banki. Mtu anakuja na teknolojia ambayo haijajengwa bado kwa ukubwa ule, anakuambia: nikope leo, Ulaya itanilipa kama nikifaulu. Utamjibu namna gani? Utamwambia arudi akifaulu! Basi hatari yote ilibaki kwa yule mwenye kuanza, na yeye njo mfuko ulitaka kumsaidia.

Matokeo yalionekana. Duru ya kwanza ya 2012 haikuchagua hata mradi mmoja wa kufukia kaboni. Duru ya pili, 2014, ilichagua mmoja: White Rose, kule Uingereza, uliopewa ahadi ya euro milioni 300. Mwaka 2015 kampuni ya Drax ilijitoa, na Novemba ya mwaka ule serikali ya Uingereza ikafuta shindano lake la paundi miliari 1, ambalo mradi ulilitegemea. White Rose haikujengwa. Oktoba 2018, Mahakama ya Wakaguzi wa Hesabu ya Ulaya ilitoa ripoti namba 24, ikasema wazi kwamba maendeleo yaliyokusudiwa hayakufikiwa.

Wengine watasema: kulipa nyuma kunalinda makuta ya raia. Wako na haki kidogo. Tumeona Northvolt, kampuni ya batri ya Sweden, ilivyofilisika Machi 2025, wakati banki ya serikali ya Ujerumani, KfW, ilikuwa imeweka euro milioni 600 mule ndani. Lakini kati ya kulipa yote mwanzoni na kulipa yote mwishoni, kuko njia ya tatu: kulipa hatua kwa hatua. Mfuko wa Ubunifu uliorithi NER300 umeielewa. Unaweza kubeba mpaka 60% ya gharama za ziada, na hadi 40% ya msaada inaweza kutoka mbele mtambo haujaanza kazi. Stockholm Exergi, yenye kutengeneza joto la mji kwa kuchoma mabaki ya miti, ilipata euro milioni 180 kule. Hata hivyo, iliamua kujenga Machi 2025 tu, nyuma ya serikali ya Sweden kuahidi msaada wa miaka mingi. Maana yake, mfuko peke yake bado hautoshi. Na bei bado inachezacheza: Februari 2023 kibali kilipita euro 100, mwanzoni mwa 2024 kilikuwa chini ya 60.

Sasa, inatuhusu nini sisi? Kanuni yetu ya madini ya 2018 inatenga 10% ya mrabaha wa madini kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mrabaha ule unafuata bei, na bei ya kobalti tumeiona inapanda na kuporomoka mbele ya macho yetu. Kobalti ikianguka, mfuko unakonda. Na njo wakati ule kijana wa Kolwezi anahitaji kazi ingine isiyo ya mgodi. Ni ugonjwa ule ule wa NER300.

Kwa hiyo, wenzangu, siku tutakapoitwa kutoa mawazo juu ya mfuko wowote wa ubunifu hapa kwetu, tusiishie kuuliza iko makuta ngapi. Tuulize maswali matatu: inatoka kwa bei gani, inalipwa wakati gani, na nani anabeba hatari kazi ikianguka? Kama jibu la swali la tatu ni yule kijana mwenye kuanza, tuwaambie wakubwa kwa heshima: mungaita munganga, lakini mgonjwa atakuwa amekwisha kuzikwa.