Heko, Mkutano Mkuu wa Kijiji

Tanzania ina vyombo vingi vya kupanga maendeleo, lakini kinachostahili pongezi zaidi ni kile kinachokutana chini ya mwembe: mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inamwingiza humo kila mkazi aliyetimiza miaka 18, bila kuuliza kisomo wala chama. Wala si baraza la kupiga makofi tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Kwa hiyo kauli ya muuza vitumbua huhesabiwa hata pale mwekezaji anapobisha hodi. Wapo wanaosema mahudhurio ni haba na wenye midomo ndio hutawala. Ni kweli, hasa msimu wa kulima. Ila dawa yake ni kuchagua saa inayowafaa akina mama, si kuwaachia wataalamu wa wilaya kila kitu, maana ramani yao haionyeshi kisima kipi hukauka Septemba. Mkutanoni, mtendaji wa kijiji husoma mapato na matumizi, mzee wa nyuma huuliza saruji ya zahanati imeishia wapi, jibu huandikwa kwenye muhtasari, na miezi mitatu baadaye linasomwa tena mbele ya watu walewale.