Kilemba cha Ukoka

Wengi wetu twaijua mieleka ya Marekani kwa sura yake ya televisheni: uwanja uliojaa maelfu ya watu, taa za rangi, muziki, na majitu yenye misuli yakinyanyuana na kubwagana. Vijana wa majumba yetu huitazama, na wako wanaoyajua majina ya wapiga mieleka hao kuliko wanavyoyajua majina ya babu zao. Lakini iko mieleka nyingine isiyofika katika televisheni zetu. Hiyo hufanywa Jumamosi usiku katika ukumbi wa shule, au wa chama cha askari wastaafu, mbele ya watu wachache waliokalia viti vya kukunja. Na huko ndiko aghalabu anakokutwa yule aliyekuwa mashuhuri jana, naye amekwisha kuzeeka, anatafuta riziki kwa jina lake.

Habari ya mtu wa namna hiyo imesimuliwa katika senema iitwayo The Wrestler, iliyotengenezwa na Darren Aronofsky mwaka 2008, ikapata tunzo kuu ya maonyesho ya Venice mwaka huohuo. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba si senema ya kuketi nayo baba na binti yake. Ndani yake mna klabu ya wanawake wavuao nguo, mna madawa ya kulevya, na mna damu nyingi. Hata hivyo yafaa kuupima ujumbe wake, kwani una mafunzo, na una upungufu ambao sisi hasa ndio tupasao kuuona.

Mtu mwenyewe ni Randy, aitwaye ulingoni "Kondoo Dume", na mchezaji wake ni Mickey Rourke. Miaka 20 nyuma alijaza viwanja vikubwa. Sasa anaishi katika nyumba ya gari huko New Jersey, na kodi ikimshinda hufungiwa mlango. Siku za kazi hubeba masanduku dukani. Siku za mapumziko hupanda ulingo katika kumbi ndogo, akalipwa noti chache mkononi. Binti anaye, lakini hakumlea, na binti hamtaki.

Jambo la kwanza lililofanywa vizuri na senema hii ni kutuonyesha kazi ilivyo. Kila mtu ajua kwamba mieleka hii ni ya kujifanya. Kabla ya pambano wapinzani huketi pamoja, wakapatana nani atashinda na kwa pigo gani. Vijana humwamkia mzee kwa heshima kubwa, nao huona fahari kuangushwa naye. Hapana uadui pale. Lakini senema yatuonyesha pia kipande cha wembe alichokificha Randy katika bandeji ya mkono, na jinsi anavyojichana nacho kipaji cha uso ili watu waione damu. Damu ile si ya kujifanya. Katika pambano jingine hupigiliwa pini mwilini kwa mashine, hukwaruzwa kwa seng'enge, na kioo humvunjikia. Mtazamaji mmoja hufikia kuutoa mguu wake wa bandia ili utumiwe kuwa silaha, na ukumbi mzima ukashangilia. Baada ya pambano hilo Randy aanguka chumbani kwa maradhi ya moyo, akapasuliwa, na daktari akamkataza kurudi ulingoni.

Basi hapo ndipo penye swali la senema nzima: kwa nini arudi? Aronofsky hajibu kwa hotuba, bali kwa picha. Amemweka Randy nyuma ya meza ya duka akipima saladi na nyama, na kifuani ana kibandiko chenye jina lake la kuzaliwa asilolipenda. Mteja amkumbuka, na fedheha hiyo yamfanya aupige mkono wake mwenyewe katika mashine ya kukatia nyama. Ulingoni ana jina na watu wampigia makofi, ilhali dukani ni mtu wa kupangiwa zamu. Mtu huyu amevishwa kilemba cha ukoka kwa muda mrefu hata amesahau kwamba ukoka hunyauka.

Lakini tusimlaumu Randy peke yake kana kwamba ni mtu mwenye kupenda sifa tu. Yako mambo ya kimaisha ambayo senema yayagusa kwa mbali, nasi tuyaseme. Kampuni kubwa ya mieleka huko Marekani, yenye kupata fedha nyingi mno, imewahesabu wapiga mieleka wake kuwa ni wakandarasi waliojitegemea, si waajiriwa. Aanguke mara ngapi, avunjike nini, siku mkataba ukiisha hana pensheni kama aliyonayo karani. Basi hubaki na kitu kimoja cha kuuza, nacho ni jina. Mwandalizi wa mji mdogo huliandika kwa herufi kubwa katika tangazo, mzee hulipwa ujira wake wa usiku mmoja, na baadaye huketi nyuma ya meza akauza picha zake kwa sahihi.

Iko sehemu fupi ya senema inayoonyesha meza hizo, nayo kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko zote. Wakongwe wameketi katika ukumbi ulio karibu na kuwa mtupu, kila mmoja na picha zake za ujanani. Wateja ni wachache. Randy atupa jicho, akamwona mwenzake amesinzia, mwingine yu katika kiti cha magurudumu, mwingine amefungiwa mfuko wa mkojo mguuni. Hapana neno linalosemwa. Mtazamaji afahamu kwamba hayo ndiyo malipo ya mwisho ya makelele yale yote.

Sasa tufikie upungufu. Pambano la mwisho ambalo Randy hulirudia, akijua laweza kumwua, ni la kukumbuka miaka 20 tangu apigane na adui yake mkubwa, aitwaye "Ayatollah". Adui huyo huingia na bendera iliyofanywa mfano wa ile ya Iran, huwatukana watazamaji, na Randy huuchukua mti wa bendera akauvunja kwa goti lake. Ukumbi wote wasimama kwa furaha. Na ni nani huyo Ayatollah? Ni Mmarekani mweusi, jina lake Bob, muuza magari huko Arizona. Na pambano likiendelea, Bob anatambua kwamba mwenzake yu taabuni. Amnong'oneza amalize upesi, yeye Bob akubali kushindwa, waondoke salama. Mamia ya marafiki wanashangilia hatari, na "adui" ndiye mwenye huruma. Ushujaa wa kweli, kama tulivyofundishwa katika dini yetu, haukuwekwa katika kumbwaga mtu chini.

Hilo ni jambo zuri mno, na laiti Aronofsky angalilifuatia. Lakini Bob hakupewa nyumba wala jamaa, wala hatukuambiwa imekuwaje mtu mwenye utu kama huo akatafuta riziki kwa kuwafanya watu walichukie vazi na bendera ya watu wengine. Mwaka 2009 wajumbe wa Hollywood walipozuru Tehran, mshauri mmoja wa serikali ya Iran alidai waombe radhi kwa senema kadhaa, na hii ikiwamo. Wako watakaojibu kwamba senema haikutukana, imeonyesha tu matusi yaliyokuwako. Jibu hilo lina haki kidogo. Lakini senema iliyojitahidi kutufunulia siri ya wembe ingaliweza pia kutufunulia siri ya bendera. Imeona kwamba mwili si wa kujifanya. Haikuona kwamba jina nalo si la kujifanya.

Maana watu hao wamekuwako kweli. Edward Farhat, aliyezaliwa Lansing, Michigan, mwaka 1926 katika familia ya Kikristo yenye asili ya Lebanoni, alijiita "The Sheik". Huyu hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa akitandika mkeka ulingoni na kuigiza sala kabla ya kuwarushia watu moto. Mkeka wa sala umekuwa chombo cha kuchochea mazomeo! Naye hakuachwa astarehe: mwaka 1992, umri wake ukipita miaka 60, aliungua vibaya huko Japani katika pambano la ulingo uliozungushiwa moto. Kijana wa ukoo wake aliyemfunza mwenyewe, Terry Brunk, aliyeitwa Sabu na kuvishwa kitambaa kichwani, alipata umaarufu katika miaka ya 1990, kisha akazunguka kumbi ndogo miaka mingi, mwili umejaa makovu ya seng'enge. Pambano lake la kuaga lilifanywa Las Vegas Aprili 2025, chini ya kampuni ndogo ya kujitegemea, nalo pia lilikuwa la seng'enge. Mwezi uliofuata alifariki, umri wake miaka 60. Hatusemi kwamba pambano ndilo lililomwua, hilo ni la waganga. Twauliza tu kwa nini hata siku ya kuagwa hakuweza kupewa mkono bila ya miba.

Na wa kusikitisha zaidi ni Hossein Khosrow Ali Vaziri, "The Iron Sheik", mzaliwa wa Iran. Yeye alikuwa mpiga mieleka wa kweli, akashinda ubingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka 1971 katika mieleka ya Kigiriki na Kirumi. Lakini ubingwa huo haukumlisha. Kilichomlisha ni kupeperusha bendera ya Iran mbele ya Wamarekani waliokuwa bado na uchungu wa wenzao 52 waliozuiliwa Tehran kwa siku 444. Alitwaa mkanda mkubwa Desemba 1983, na Januari 1984 akaangushwa na Hulk Hogan, taifa likashangilia. Mwaka 1991, mwaka wa vita vya Ghuba, alibadilishwa jina akawa Kanali Mustafa, mtetezi wa Iraq, nchi iliyopigana na nchi yake miaka 8! Kwa waandalizi, Mwajemi na Mwiraki ni mamoja, maadamu wazomewa. Alipokuwa mzee asiyeweza kutembea ila kwa taabu, aliendelea kuitwa katika maonyesho madogo ili ayarudie matusi yaleyale yaliyompa jina, watu wacheke. Alifariki Juni 2023.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Wamarekani peke yao. Aprili 2018, katika onyesho kubwa la mieleka lililofanywa Jeddah, waliletwa ndugu wawili wenye asili ya Iran, wakapeperusha bendera ya Iran, ili vijana wa Kisaudi wawapige na umma ufurahi. Hila ni ileile, na safari hii walioshangilia ni Waislamu, dhidi ya bendera ya Waislamu wenzao.

Hatusemi kwamba mieleka ya kumbi ndogo ni ovu yote. Ni kazi, na yatolewa jasho. Vijana hujifunza kwa wakongwe namna ya kuanguka bila kuvunjika, na watu wa mji usiofikiwa na makubwa humwona kwa macho yao mtu waliyemjua kwa picha. Anayekwenda kumpa mkono mzee, akanunua picha yake na kumwuliza hali, ametenda jema. Lawama ni kwa yule anayelipa kiingilio ili mzee aruke mara moja zaidi kutoka juu ya kamba.

Ndivyo senema inavyokwisha: Randy apanda juu ya nguzo ya ulingo, moyo wamuuma, watu wamwita kwa jina lake, naye aruka. Hatumwoni akitua. Amekwisha kusema kwamba watu wale ndio jamaa zake, na mtengenezaji yuelekea kumwamini. Sisi hatumwamini. Jamaa wa mtu ni yule amwambiaye, "Shuka, twende nyumbani." Usiku ule maneno ya namna hiyo yalitoka hata kinywani mwa mtu aliyevishwa vazi la adui.

Basi, mzazi, mtoto wako akitazama mieleka, mweleze lipi ni la kujifanya na lipi si la kujifanya. Na akiingia ulingoni mtu wa kuzomewa kwa ajili ya kilemba chake au bendera yake, mwulize mtoto kama amjua jina lake la kuzaliwa, na ni nani anayelipwa kwa mazomeo hayo.