Dampa ya usukani kwenye Raptor 700: anzia chini

Kati ya 2010 na 2016, ndugu wawili wa Argentina, Marcos na Alejandro Patronelli, walitwaa mataji matano ya Dakar kwa pikipiki za magurudumu manne, wote wakiwa juu ya Yamaha Raptor 700. Sifa nyingi hupewa injini yake ya cc 686. Uchambuzi huu unahusu usukani, maana kwenye jangwa la mawe mikono ya dereva huchoka mapema kuliko injini.

Raptor haina gia ya usukani kama gari. Shina la usukani linashuka hadi kwenye tairodi mbili, nazo zinageuza magurudumu. Gurudumu moja likigonga jiwe, pigo hupanda njia hiyohiyo hadi viganjani. Ukali wake hutegemea kitu ambacho wengi hawakipimi. Chora mstari kupitia bol jointi ya juu na ya chini hadi uguse ardhi, kisha pima kutoka hapo hadi katikati ya tairi. Umbali huo ni wenzo: ukirefuka, jiwe linapata nguvu zaidi ya kukupokonya usukani. Anayefunga spesa kwenye magurudumu ya mbele ili pikipiki itanuke na isipinduke hovyo anaurefusha wenzo huo kwa mikono yake, halafu anatafuta dampa, kifaa cha kumeza mapigo ya usukani.

Kwa hiyo kazi inaanzia chini. Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Kama bol jointi, tairodi au beringi zinacheza, badilisha kwanza. Dampa itauficha ubovu huo mpaka siku kitu kikatike.

Sokoni kuna aina mbili za dampa. Ya kwanza ni silinda yenye pistoni, kama shokapu ndogo iliyolazwa. Bei yake ni nafuu na kuifunga si kazi, lakini fimbo yake iko wazi kwa matope na mawe, na ukinzani wake hubadilika kadiri usukani unavyopinda. Ya pili ni ya mzunguko: bapa la chuma linazunguka ndani ya chumba cha mafuta, na mafuta yanalazimishwa kupita tundu jembamba. Ukikata kona polepole, mafuta yanapita bila shida. Jiwe likipiga ghafla, tundu linayakaba. Baadhi huacha usukani urudi katikati bila kuzuiwa, na kwa mwendo wa kasi kwenye mawe ningelipia hiyo.

Kwenye kufunga, kosa kubwa liko kwenye kishikizo. Upande mmoja wa dampa huzunguka na shina, mwingine hushikwa na fremu. Kishikizo kikilegea hata kidogo, pigo la kwanza linapita kabla mafuta hayajaanza kazi. Safisha rangi na grisi mahali pa kubana, tia gundi ya nati, kaza kwa kipimo cha mtengenezaji.

Kisha geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, magurudumu yakiwa yananing'inia, halafu yakiwa chini. Vizuizi vya chuma vya pikipiki yenyewe ndivyo vigote kwanza. Ikigota dampa, siku ya kuanguka uzito wote utaishia kwenye bapa au fimbo. Angalia pia waya wa mafuta na paipu ya breki visibanwe popote. Waya ukivutwa kwenye kona, injini inaweza kupanda yenyewe.

Anza na skrubu ya kurekebisha ukinzani wa dampa ikiwa imelegezwa, uongeze kidogo kidogo barabarani. Ukiona pikipiki inayumba kushoto na kulia katika mwendo mdogo, au mabega yanauma kwenye mchanga, umekaza mno.

Kwa anayezungukia shamba kwa kilomita 30 kwa saa, dampa haina kazi. Fedha hiyo inunue bol jointi na tairodi mpya.