Kipimo cha Breidbart: jinsi Usenet ilivyojifunza kuhesabu ujumbe taka

Tarehe 12 Aprili 1994, mawakili wawili wa Phoenix, Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, waliiwasha programu fupi iliyoandikwa kwa lugha ya Perl. Kazi yake ilikuwa moja: kupitia orodha ya makundi ya mjadala ya Usenet na kubandika tangazo lilelile katika kila kundi, moja baada ya jingine. Makundi zaidi ya 5,000 yalilipokea. Waliokuwa wakijadili hisabati, upishi, siasa au ufugaji wa mbwa, wote walikuta mtu anawauzia huduma ya kujaza maombi ya bahati nasibu ya Green Card.

Bahati nasibu hiyo hatuhitaji kuelezwa sisi. Kwa miaka mingi, msimu wake ulipofika, vibanda vya intaneti vya Nairobi na Dar es Salaam vilijaa watu wa kupigwa picha na kujaziwa fomu, na wapo waliotozwa fedha nyingi kwa kazi ya dakika chache. Mwaka 1994 maombi yalitumwa kwa barua ya kawaida na gharama yake ilikuwa stempu. Mawakili wale walitaka kulipwa kwa jambo ambalo mwombaji angeweza kulifanya mwenyewe, tena wakadokeza kwamba huenda hiyo ndiyo ingekuwa bahati nasibu ya mwisho. Haikuwa ya mwisho. Iliendelea mwaka baada ya mwaka.

Hasira ya watumiaji wa Usenet imeandikwa sana: malalamiko yalimiminika hadi seva ya kampuni iliyowapa mawakili wale intaneti ikalemewa na kuanguka. Ufundi uliofuata haujaandikwa vya kutosha, na ndio wenye faida kwa yeyote anayesimamia kundi la WhatsApp au Telegram leo.

Tuanze na jinsi mtandao wenyewe ulivyojengwa. Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke. Haikuwa na makao makuu. Kila seva ilipokea ujumbe kutoka kwa seva jirani, ikahifadhi nakala, ikazipeleka kwa jirani wengine. Kila ujumbe ulibeba kitambulisho chake cha pekee, mstari wa kutaja makundi uliokusudiwa, na mstari wa njia ulioorodhesha seva zote ulizopitia. Hapakuwa na mkubwa wa kumfukuza mtu. Mwenye seva alikuwa na mamlaka juu ya seva yake tu.

Kulikuwa na namna mbili za kupeleka ujumbe mmoja kwa makundi mengi, na tofauti yake ndiyo kiini cha kila kilichofuata. Namna ya kwanza, ujumbe mmoja unatajiwa makundi kadhaa. Seva inahifadhi nakala moja, na programu ya msomaji ikishamwonyesha mara moja haimwonyeshi tena katika kundi jingine. Namna ya pili, ujumbe unabandikwa upya katika kila kundi, na kila nakala inapata kitambulisho chake. Hapo seva inahifadhi nakala zote, na msomaji wa makundi kumi anaukuta mara kumi. Canter na Siegel walichagua namna ya pili.

Silaha ya kujibu tayari ilikuwamo ndani ya Usenet. Mwandishi aliyejutia alichoandika aliweza kutuma ujumbe maalumu wa kufuta, na kila seva iliyoupokea iliondoa ujumbe wa awali. Seva zililinganisha anwani ya mtumaji tu, na anwani ilikuwa rahisi kuigiza. Arnt Gulbrandsen, mtaalamu wa programu kutoka Norway, aliandika roboti iliyofuta matangazo ya mawakili wale kwa njia hiyo. Kwa lugha ya wazi, alijifanya wao.

Ninaona hapo ndipo ilipokuwa hatari kubwa kuliko tangazo lenyewe. Anayeweza kufuta tangazo la wakili anaweza kufuta hoja ya mpinzani wake. Na ilitokea: kuanzia mwishoni mwa 1994, katika kundi la alt.religion.scientology, ujumbe wa wakosoaji wa dhehebu la Scientology ulifutwa kwa amri za kughushi. Hata nia njema haikuwa kinga. Tarehe 31 Machi 1993, Richard Depew alikuwa amejaribu programu ya kufuta ujumbe wa watu wasiojitambulisha. Kosa la kiufundi likaifanya iujibu ujumbe wake yenyewe, kisha ijibu majibu yake, ikamwaga ujumbe takriban 200 katika kundi la wasimamizi wa mtandao.

Kwa hiyo swali halikuwa jinsi ya kufuta. Swali lilikuwa nani afute, kwa kigezo gani, na wengine watajuaje kwamba kigezo kimefuatwa. Jibu walilolipata watu wa Usenet linanivutia mpaka leo: waliacha kusoma maudhui, wakahesabu.

Seth Breidbart ndiye aliyependekeza kipimo kinachoitwa kwa jina lake. Chukua kila nakala ya ujumbe, angalia imetajiwa makundi mangapi, tafuta kipeuo cha pili cha idadi hiyo, kisha jumlisha. Ujumbe uliobandikwa mara 20, kila mara katika kundi moja, una alama 20. Nakala 10, kila moja ikiwa imetajiwa makundi 4, pia zinafika 20. Nakala moja iliyotajiwa makundi 9 ina 3 tu. Desturi ikawa kwamba alama zikifika 20 ndani ya siku 45, ujumbe huo unafutika.

Ukikitazama vizuri, kipeuo cha pili kinafanya kazi ya haki. Anayetaja makundi mengi katika nakala moja hajaisumbua seva wala msomaji kama anayebandika upya kila mahali, hivyo anapunguziwa hesabu, lakini hasamehewi: akitaja makundi 400 anafika 20 vilevile. Siku 45 nazo zinamziba mjanja anayebandika kidogo kidogo kila juma ili asionekane. Na hakuna mahali katika hesabu hiyo panapouliza kama ujumbe ni wa biashara, wa dini au wa siasa. Mhubiri na muuza dawa walipimwa kwa mizani moja. Ni muhimu kukumbuka kwamba Januari 1994, miezi mitatu kabla ya mawakili wale, Usenet yote ilikuwa imefurikwa na onyo kwamba Yesu anarudi karibuni. Kama kigezo kingekuwa maudhui, mabishano yasingekwisha hadi leo.

Juu ya hesabu wakaweka uwazi. Mfutaji maarufu wa wakati huo, aliyejiita Cancelmoose na kuficha jina lake halisi, alitangaza hadharani kila alichofuta na sababu zake. Kukawa na kanuni za kiufundi pia. Kitambulisho cha amri ya kufuta kilitengenezwa kwa kuongeza neno moja mbele ya kitambulisho cha ujumbe wa awali, ili wafutaji wawili wakiukuta ujumbe uleule amri zao zisirundikane. Tena katika mstari wa njia wafutaji waliweka jina la seva ya kubuni, cyberspam. Seva huwa haipokei ujumbe ambao umekwisha kuipitia, kwa hiyo mwenye seva asiyetaka kufutiwa chochote aliipa seva yake jina hilo kama jina la ziada, na amri zote zikampita. Yaani hata asiyekubaliana na wafutaji alipewa mlango wa kutokea. Baadaye Cancelmoose alikwenda mbali zaidi kwa mfumo wa NoCeM: orodha za ujumbe taka zilizotiwa saini ya kidijitali, ambazo kila seva au msomaji aliamua mwenyewe kuzifuata au kuziacha.

Kwa kampuni za intaneti zilizopuuza malalamiko kulikuwa na adhabu kali, iliyoitwa hukumu ya kifo ya Usenet: ujumbe wote unaotoka kwao unakataliwa. Agosti 1997 iliipata UUNET, moja ya kampuni kubwa kabisa za intaneti wakati huo, na katika siku chache kampuni ikachukua hatua dhidi ya watumaji wake. Wateja wasio na hatia waliumia, na sitetei sehemu hiyo.

Hesabu ilikuwa na udhaifu wake. Ilidai nakala ziwe sawa kwa kiini, nao watumaji wakaanza kuongeza herufi za ovyo mwishoni mwa kila nakala ili mashine izione kuwa tofauti. Pia ilihitaji wenye seva wanaojali. Mlango mkubwa wa kuingilia Usenet ukawa Google Groups, na taka zilizopita hapo zikazidi uwezo wa waliobaki. Google ilijiondoa Usenet tarehe 22 Februari 2024.

Wazo lenyewe lilisalia. WhatsApp haiwezi kusoma ujumbe wetu kwa sababu umefungwa kwa usimbaji kutoka simu hadi simu, hivyo imebaki na njia ileile: kuhesabu. Mwaka 2018 nchini India, baada ya uvumi kusababisha watu kuuawa na makundi yenye hasira, kusambaza kuliwekewa kikomo cha mazungumzo matano kwa mara moja. Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi ukaruhusiwa kwenda kwa mtu mmoja au kundi moja tu kila mara, na kampuni ikasema usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70.

Admini wa grupu la ukoo, la waliosoma pamoja au la wapangaji anaweza kuitumia njia hii kesho. Kanuni ya "matangazo marufuku" huzaa ugomvi, kwa sababu lazima mtu aamue kama kadi ya mchango wa harusi ni tangazo, na kwa nini la shemeji yake limeachwa. Kanuni ya "kila mwanachama tangazo moja kwa mwezi, la pili linafutwa" haihitaji hukumu ya mtu. Tangu 2022 admini wa WhatsApp anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote, na kundi linaona kwamba ni yeye aliyefuta. Aongeze sentensi moja ya sababu, kama alivyofanya Cancelmoose.

Hesabu haitamkamata tapeli anayeandika mara moja tu, "ile hela itume kwenye namba hii." Huyo hasubiri alama 20. Mtoe kwenye grupu saa hiyohiyo, waonye wenzako kwa maneno yako badala ya kuusambaza ujumbe wake, na kama uko Tanzania ipeleke namba yake kwa 15040.