The General: Mwizi Mmoja, Kanda Mbili

Katika semina zetu tumezoea kutenga fani na maudhui, tukiichukulia fani kama kitu kilichokwisha kutulia. The General, filamu ya John Boorman ya mwaka 1998, inatusumbua hapo hapo. Ilipigwa kwa mkanda wa rangi, ikaonyeshwa kwenye majumba ya sinema ikiwa nyeusi na nyeupe. Halafu kwa ajili ya televisheni na video za nyumbani ikatoka nakala nyingine, yenye rangi zilizofifishwa makusudi. Hivi, jamani, mhakiki ahakiki ipi?

Kisa chenyewe ni cha kweli. Martin Cahill, jambazi wa Dublin, aliuawa kwa risasi tarehe 18 Agosti 1994. Kundi lake ndilo lililoiba vito vya O'Connor's mwaka 1983, na michoro ya Russborough mwaka 1986, mmojawapo wa Vermeer. Boorman anaanza na kifo, kisha anatumia mbinu rejeshi hadi utotoni, katika majumba ya maskini ya Hollyfield ambayo Cahill anakataa kuhama hata yanapobomolewa. Brendan Gleeson anamwigiza kama mhusika duara hasa: mnene, mpole kwa watoto, mkaidi, mwenye kuficha uso kwa kiganja. Anapotaka ushahidi kwamba hakuwepo kwenye wizi, anakwenda zake kituo cha polisi na kuwaganda askari pale. Tunacheka. Na kucheka huko ndiko kunakotutia mashakani, maana muda si mrefu mtu huyo huyo anampigilia mwenzake misumari ya mikono kwenye meza ya biliadi, akimshuku usaliti. Akisharidhika kwamba jamaa hana hatia, anampeleka hospitali mwenyewe!

Wapo watakaosema Boorman kamtukuza mwizi. Lakini Boorman naye aliibiwa na Cahill, nyumbani kwake, na wizi huo ameuingiza katika filamu. Kilichochukuliwa ni sahani ya dhahabu aliyotunukiwa kwa muziki wa Deliverance, filamu yake ya mwaka 1972. Cahill anagundua kuwa si dhahabu, anakasirika.

Hapa ndipo suala la rangi linapopata uzito. Katika nakala nyeusi na nyeupe, sisi watazamaji hatuwezi kujua kama sahani ile ni dhahabu au bati. Tumo gizani pamoja na mwizi. Vito navyo ni vijiwe vya kijivu tu, hata Vermeer anakosa buluu yake. Mali inapoteza mvuto, tunabaki kutazama nyuso. Katika nakala ya rangi tunapewa matofali, majani, makoti ya watu, na filamu inasogea karibu na tamthilia za polisi za kila wiki. Mtazamaji anakaa kitako.

Hata hivyo, nakala ya rangi ina hoja yake, nayo si ndogo. Weusi na weupe una tabia ya kusafisha: unampa mtu heshima ya picha za kale, kana kwamba ni shujaa wa ngano. Cahill hakuwa ngano. Mwaka 1982 mtaalamu wa maabara ya polisi, James Donovan, alijeruhiwa vibaya kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake, na kundi la Cahill ndilo lililolaumiwa. Filamu ilipotoka, Cahill alikuwa na miaka minne tu kaburini. Rangi, hata ikififishwa, inaurudisha mtaa kuwa mtaa na damu kuwa damu.

Mimi bado nachagua nyeusi na nyeupe, kwa sababu ya ile meza. Pale damu ni nyeusi, hakuna wekundu wa kuturusha kando, kwa hiyo tunalazimika kuuangalia uso wa Gleeson wakati anagonga nyundo. Atakayepata nakala zote mbili aanze na hiyo, kisha aweke ya rangi na kurudia onyesho la sahani peke yake.