Msitu mzima ndani ya baiti moja

Katika gemu ya Pitfall!, iliyotolewa na Activision mwaka 1982, Harry hukimbia msituni akiruka mashimo, magogo na mamba kupitia skrini 255. Gemu nzima, picha na sauti zake zikiwemo, ilibidi ienee kwenye kilobaiti 4. Mashine yenyewe, Atari 2600, ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya baiti 128 tu. Aya hii unayoisoma isingeenea humo.

Njia ya mkato ingekuwa kuandika orodha, baiti moja kwa kila skrini, na hapo karibu sehemu moja ya kumi na sita ya katriji ingekwisha. David Crane, aliyeibuni gemu hii, hakuandika orodha. Alishika namba moja ya biti 8, na namba hiyo ndiyo skrini: biti mbili za juu hupanga miti, tatu zinazofuata huamua aina ya ardhi, tatu za mwisho kitakachomkabili Harry.

Mchezo huanza na 11000100. Harry akitoka kwenye skrini kwa upande wa kulia, programu hutazama biti ya 3, 4, 5 na 7, zikihesabiwa kutoka kulia kuanzia sifuri. Zenye 1 zikiwa witiri, biti mpya ni 1. Zikiwa shufwa, ni 0. Hapa ni moja tu, ile ya 7. Namba husukumwa kushoto, biti ya juu hudondoka, mpya huchomekwa mwishoni: 10001001. Skrini ya pili hiyo. Ukiendelea hivyo utapita namba zote isipokuwa sifuri, ambayo huzaa sifuri milele.

Utamu wenyewe uko katika kurudi kushoto. Biti iliyodondoka haikuhifadhiwa popote, lakini hesabu ile ile ikigeuzwa huifichua. Na Harry akipita chini ya ardhi, ambako hatua moja ni skrini tatu, hesabu hurudiwa mara tatu, basi.

Gharama yake ni kubwa. Huwezi kuhamisha mamba mmoja. Ukigusa kanuni, msitu wote unabadilika. Kwenye programu ya leo ningeukataa mpango huu bila kusita. Crane alibaki na uhuru wa kuchagua kanuni, maana ya kila biti, na mahali pa kumshusha mchezaji kwenye duara lililokwisha jipanga lenyewe.