Picha za Taroti Ndotoni na Funguo Zisizo na Mwenyewe

 

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mbele ya masheikh siku hizi lipo moja ambalo walimu wetu hawakuulizwa. Mtu analala, na katika usingizi anaona picha za karata za taroti: kiunzi cha mifupa kimepanda farasi mweupe, mnara unapigwa na radi, mtu ametundikwa kwa mguu mmoja kichwa kikiwa chini. Akiamka huitafuta maana mahali pawili. Kwanza hufungua kitabu cha tafsiri ya ndoto chenye jina la Ibn Siriin juu ya jalada. Asipoikuta karata humo, huzigeukia orodha za wapiga taroti wenyewe, ambao wamekwisha kuipa kila picha maana yake. Kisha huchanganya hiki na kile na kutoka na hukumu. Kwa mchanganyiko huo watu wameahirisha safari, wamevunja posa na wamewadhania vibaya jamaa zao wa damu. Basi inafaa tuzipime funguo hizo mbili, moja baada ya nyingine, tujue zilitoka wapi na zina haki gani ya kufungua ndoto ya Mwislamu.

Tuanze na karata, kwani hapa ndipo uongo ulipo mkubwa zaidi. Wapiga taroti hupenda kusema kwamba picha hizi ni hekima ya makuhani wa Misri ya kale iliyofichwa ndani ya mchezo. Maneno haya yana mwenyewe na yana tarehe. Aliyeyaeneza ni Mfaransa Antoine Court de Gébelin, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1781. Msomaji azingatie kwamba wakati huo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Champollion alitangaza kuyafumbua mwaka 1822, miaka 41 baadaye. Yaani bwana huyu alitufasiria kitabu cha lugha asiyoijua yeye wala mtu yeyote wa zama zake. Yalipokuja kusomeka, hayakuonekana ndani yake makuhani wenye karata. Lakini biashara ilikwisha anza: Mfaransa mwingine, aliyejiita Etteilla, aliidaka hoja ile na kuanza kufundisha watu kutazamia kwa taroti.

Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka mia tatu, taroti ilikuwa mchezo. Inatajwa katika miji ya kaskazini na kati ya Italia tangu mwaka 1440, nayo iliitwa karata za trionfi, yaani za ushindi. Jumla yake ni 78: 22 zina picha zinazotajwa sana, na 56 zilizobaki ni za mafungu manne, vikombe, sarafu, panga na fimbo. Hayo mafungu manne Waitalia hawakuyabuni. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za zama za Mamaliki wa Misri, na mafungu yake ni hayo hayo: vikombe, dirhamu, suyufu na jaukani, yaani fimbo ya kuchezea mpira juu ya farasi. Hazina sura za watu, bali nakshi na maandishi ya Kiarabu. Wakubwa wake ni maliki, naibu wa maliki na naibu wa pili, na neno hilo naibu ndilo Wahispania walilolifanya naipes, jina lao la karata mpaka leo.

Na sisi watu wa pwani tunao ushahidi wetu vinywani. Mzee anayecheza karata barazani husema kopa, uru, shupaza na pau. Maneno hayo ni ya Kireno: vikombe, dhahabu, panga na fimbo. Hata turufu ni trunfo ya Wareno, nalo linatokana na trionfi ile ile ya Italia. Kwa hiyo anayeona panga za taroti katika ndoto akadhani ameletewa siri ya Firauni, ajue kwamba ameona shupaza. Simhalalishii mtu mchezo wa karata kwa maneno haya. Kauli za wanazuoni juu yake zina mahali pake.

Liko jambo jingine linaloibomoa hoja ya siri ya kale. Picha ambazo wengi huziona leo, pamoja na kile kiunzi juu ya farasi mweupe, zilichorwa London na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya A. E. Waite, zikatolewa mwaka 1909. Waite hakunakili tu, alibadilisha. Karata ya wapendanao, ambayo katika karata za Kifaransa ilikuwa mwanamume amesimama kati ya wanawake wawili, aliifanya mwanamume na mwanamke walio uchi chini ya malaika. Kiunzi kilichokuwa kikitembea kwa miguu na mundu wake alikivisha deraya na kukipandisha farasi. Karata ya nguvu na ya uadilifu akazibadilishana namba, ya nane ikawa ya kumi na moja na ya kumi na moja ikawa ya nane. Naye Waite mwenyewe aliikataa hadithi ya asili ya Misri! Sasa tumuulize anayeshikilia kwamba picha ina maana thabiti: ile ya kabla ya 1909 au ya baada yake?

Ama yule aliyetundikwa mguu mmoja, Waitalia walimwita msaliti, kwa sababu katika miji yao wasaliti walichorwa hivyo ukutani ili wafedheheke. Waite akamtia nuru kichwani na kumfanya mwenye hekima na utulivu. Mwislamu aliyehifadhi Suratu Yusuf atamkumbuka mfungwa aliyesulubiwa na ndege wakala kichwani mwake. Msaliti, mwenye hekima, mfungwa: ni picha moja, na aliyeota ni mtu mmoja.

Tuje kwenye ufunguo wa pili, ambao wengi hawathubutu kuugusa kwa heshima ya jina lililo juu yake. Muhammad bin Siriin (Allah amrehemu) ni tabiina wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria, mpokezi wa hadithi kutoka kwa Abu Huraira na Anas bin Malik, na ustadi wake katika taabiri umeshuhudiwa na waandishi wa wasifu. Hilo halina mjadala. Mjadala ni kitabu. Ibn Siriin alijulikana kwa kuchukia kuandika elimu. Ni kweli kwamba Ibn an-Nadim katika al-Fihrist amemnasibishia kitabu cha taabiri. Lakini hiki kinachouzwa madukani, Muntakhab al-Kalam fi Tafsir al-Ahlam, hakiwezi kuwa chake. Asome mtu kwa Kiarabu chake na wala si kwa tafsiri iliyofupishwa, atakuta mwandishi akisimulia mara kwa mara kutoka kwa Ustadh Abu Saad. Huyu ni mwanachuoni na mtoa mawaidha wa Naisaburi, al-Kharkushi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tano. Vipi aliyekufa mwaka 110 atapokea kutoka kwa mtu wa zaidi ya karne mbili na nusu baada yake? Wahakiki wanakinasibisha kitabu na ad-Dari, aliyekitoa katika kazi ya huyo Abu Saad. Kitabu kina faida zake, lakini anayesema "Ibn Siriin amesema" kwa kukitegemea hicho peke yake amemzulia marehemu maneno.

Na lau kingekuwa chake, bado kisingetumika kama kamusi. Kitabu kikongwe cha taabiri ya Kiislamu kilichotufikia ni cha Ibn Qutaiba, aliyefariki mwaka 276 Hijria, naye anaeleza kwamba ndoto hutaabiriwa mara kwa jina la kitu, mara kwa maana yake, mara kwa Qur'ani, mara kwa hadithi au methali, na mara kwa kinyume chake. Na kwamba hukumu hubadilika kwa hali ya muotaji, dini yake, kazi yake na wakati wake. Kisa mashuhuri kinachosimuliwa juu ya Ibn Siriin ni cha watu wawili waliomjia, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja alimwambia atahiji, kwa kuikumbuka aya ya 27 ya Suratul Hajj inayotaja kuwatangazia watu Hija. Mwingine alimwambia atakatwa mkono, kwa kuikumbuka aya ya 70 ya Suratu Yusuf, ambamo mwenye kutangaza aliwaita wasafiri wezi. Alizitazama nyuso za watu kabla ya kuitazama ndoto. Ibn Khaldun naye katika Muqaddima amesema kwa uwazi kwamba kitu kimoja huwa na maana nyingi, bahari ikawa mfalme pahala fulani na pengine ikawa msiba. Mtume (S.A.W.) aliota upanga umevunjika ncha, ukawa yaliyowapata waumini siku ya Uhud; alipoutikisa tena ukarudi mzuri kuliko kwanza, ukawa ni ushindi na umoja wao. Hakuna orodha inayoweza kukupa hayo chini ya neno "upanga".

Hata Abu Bakr (R.A.) alipotaabiri mbele ya Mtume ndoto ya wingu lililodondosha samli na asali, aliambiwa kwamba amepatia baadhi na kukosea baadhi. Hiyo ni daraja ya Siddiq. Imamu Malik alipoulizwa kama kila mtu anaweza kutaabiri, alilikemea jambo hilo kuwa ni kuchezea utume.

Sasa tutazame mnara unaopigwa na radi. Msichana mmoja aliletwa kwetu na mama yake. Alikuwa ameposwa, akaswali istikhara, akalala, akaona karata ile. Mtazamiaji akamwambia kwamba nyumba ya ndoa hiyo itaanguka, na kijitabu cha ndoto kikamuunga mkono, maana humo kuanguka kwa jengo ni msiba. Posa ikawa karibu kurudishwa. Nilipomuuliza alikuwa akitazama nini kabla ya kulala, alisema kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akiangalia wapiga taroti kwenye simu. Haya ndiyo yaliyotajwa katika hadithi ya Abu Huraira kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara itokayo kwa Allah, huzuni itokayo kwa Shetani, na yale ambayo mtu anajizungumzia nafsini mwake. Aliyeshinda na picha usiku na mchana, zikimjia usingizini hazihitaji mfasiri.

Lakini kosa lililo chini zaidi ni la istikhara yenyewe. Hadithi ya Jabir inayofundisha swala hiyo haitaji ndoto hata kidogo. Mtu huswali rakaa mbili, huomba, kisha huliendea jambo baada ya kuuliza na kushauriana; likiwa kheri litawepesishwa, likiwa shari litaepushwa. Kusubiri ndoto ni mazoea tu ya watu. Nilimuuliza mama kama wamekwisha kuuliza habari za yule kijana, swala yake, kazi yake na tabia yake kwa majirani. Hawakuwa wameuliza.

Ash-Shatibi katika al-I'tisam amesimulia kwamba khalifa al-Mahdi alitaka kumuua kadhi Sharik bin Abdullah kwa ndoto. Mfasiri alikuwa amemwambia khalifa kwamba Sharik anamtii kwa nje na kumuasi kwa ndani. Kadhi alimjibu kwamba ndoto yake si ndoto ya Nabii Ibrahim, wala mfasiri wake si Nabii Yusuf, akamuuliza kama shingo za waumini zitakatwa kwa ndoto za uongo. Khalifa aliona haya akamwachia. Na an-Nawawi ameeleza kwamba mtu akimwona Mtume usingizini usiku wa thelathini wa Shaabani, akamwambia kesho ni Ramadhani, haifungwi kwa ndoto hiyo. Ikiwa hiyo haithibitishi siku moja ya funga, vipi karata ya London ivunje ndoa?

Hukumu ya kuota na hukumu ya kutazamia zisichanganywe. Aliyeota hana dhambi, kwani kalamu imeinuliwa kwa aliyelala. Anayekwenda kwa mwenye karata ili ajue ghaibu, huyo ndiye aliye katika onyo la hadithi ya Muslim kwamba anayemwendea arrafu na kumuuliza haikubaliwi swala yake siku arubaini. Wala haondokewi na wajibu wa kuiswali. Baadhi ya wahubiri husema taroti ndiyo azlamu iliyotajwa katika Suratul Maidah, aya ya 3 na ya 90. Azlamu zilikuwa vijiti vya mishale, na ni bora kusema kwamba taroti imekiasiwa juu yake kwa sababu moja inayoziunganisha, nayo ni kuomba uamuzi wa ghaibu kwa kitu kilichovutwa kwa bahati.

Wako pia wanaosema aliyeota taroti amerogwa, kisha humpangia siku za kusomewa na bei yake. Hao nao hawana dalili. Bedui mmoja alimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba ameota kichwa chake kimekatwa kikabingirika naye akikifukuza, ndoto ya kutisha kuliko kiunzi juu ya farasi. Mtume hakumtaabiria wala hakumwambia amerogwa. Alimkataza kuwasimulia watu jinsi Shetani alivyomchezea usingizini.